Mbiu, Simu na Reli: Mwito wa Hatari katika Pwani ya Tanga, 1888–1914

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii ijulikanayo pwani nzima hutumiwa aghalabu kumwonya msikilizaji asipuuze alisikialo. Lakini ndani yake mna sharti jingine, lisilomhusu msikilizaji bali mpiga mbiu: pembe haipulizwi ila kuna jambo. Habari za kila siku, za harusi na za bei ya nazi, zilikwenda kwa midomo ya wapita njia, zikafika zilipofika. Mbiu iliwekwa. Kama ingelia kwa kila neno, siku ya jambo lenyewe watu wasingeinuka majamvini. Katika methali hiyo, basi, mna shauri ambalo baadaye mafundi wa simu walilipigia hesabu kwa tarakimu: njia ya kupitishia habari ni nyembamba siku zote kuliko haja za watu, na atakaye kupokea mwito wa hatari hana budi kuutunzia nafasi yake kabla hatari haijatokea.

Pwani ya Tanga ni mahali pazuri pa kulichungua shauri hili. Katika muda wa miaka 26 tu, tangu mwaka wa 1888 hata mwaka wa 1914, pwani hiyo ilitoka katika mbiu na jahazi ikaingia katika waya na reli, kisha vyombo hivyo vipya vikajaribiwa na vita kwa muda wa siku chache. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 husimuliwa mara nyingi kama habari ya werevu wa jemadari mmoja, au ya nyuki walioumiza jeshi. Yakitazamwa kwa makini, ni habari ya nyuzi chache za simu, njia moja ya reli na vichwa vinane vya gari la moshi, na ya namna vitu hivyo haba vilivyogawanywa siku ambayo vilihitajiwa vyote kwa mara moja.

Lugha yenyewe imehifadhi ushahidi wa mageuzi hayo. Neno simu limetoka katika Kiajemi, ambako sim ni uzi wa madini. Hapo mwanzo, kwa hiyo, simu haikuwa sauti, ilikuwa waya. Waya ulipoletwa, watu walisema kupiga simu kwa maana ya kupeleka habari kwa alama za Morse, kabla ya kuzoea kusemezana kwa mdomo ndani yake; na mtambo usio na waya ukaitwa simu ya upepo. Kitenzi hicho hakikuwa kigeni. Watu walikuwa wamezoea kupiga mbiu, kupiga yowe na kupiga ukunga, na simu ikaingia katika jamaa hiyo ya maneno bila taabu. Lakini chini ya kitenzi kimoja palikuwa na tofauti kubwa. Yowe husikiwa na wote walio karibu, na kila asikiaye lampasa kukimbilia. Simu husikiwa na mmoja aliye mbali, na huyo ndiye aamuaye nani ainuke, nani angoje, na nani asiambiwe kabisa.

Hali ilivyokuwa kabla ya waya yaonekana vizuri katika vita vya mwaka wa 1888. Mwaka huo Sultani wa Unguja, Seyyid Khalifa bin Said, aliikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Wadachi, yaani Wajerumani, na mnamo Agosti maofisa wa kampuni walianza kushika forodha na bendera. Huko Pangani ofisa wao, Emil von Zelewski, aliwakasirisha watu wa mji hata wakaamka juu yake, na katika vita vilivyofuata Abushiri bin Salim akawa kiongozi mashuhuri. Zelewski alitolewa Pangani salama kwa sababu Unguja haiko mbali, na Jenerali Lloyd Mathews, mkuu wa askari wa Sultani, aliweza kuvuka bahari akafika kwa wakati. Kilwa haikuwa hivyo. Maofisa wawili wa kampuni walizingirwa nyumbani mwao wakauawa mwezi wa Septemba, pasipo msaada kuwafikia. Wale wa Pangani na wale wa Kilwa walikuwa watumishi wa kampuni moja, na hatari yao ilikuwa moja. Kilichowatenga ni umbali kati ya mwito na mwenye kuitikia.

Yastahili kuangaliwa kwamba waya ulikuwapo Unguja tangu mwaka wa 1879, Eastern and South African Telegraph Company ilipotandaza waya chini ya bahari kutoka Aden kupitia Unguja na Msumbiji mpaka Durban. Kwa hiyo katika mwaka wa 1888 mfanyabiashara wa Unguja aliweza kupeleka neno Ulaya upesi kwa waya, lakini mtu wa Kilwa au wa Tanga aliyetaka kupeleka neno Unguja alitegemea tanga na upepo. Njia kuu ilikuwa imejengwa kwa ajili ya biashara na serikali za mbali; vijia vya kufikia njia hiyo havikuwapo. Mwito wa hatari haupimwi kwa kasi ya sehemu iliyo nyepesi kuliko zote. Hupimwa kwa ile iliyo nzito kuliko zote.

Wadachi walijifunza jambo hilo kwa hasara, na walipokwisha kuishika pwani walitia waya mapema. Mwaka wa 1890 waya wa chini ya bahari uliunganisha Unguja na Bagamoyo na Dar es Salaam, na katika miaka michache iliyofuata waya wa nchi kavu ulipanda kaskazini kufuata pwani, kupitia Saadani na Pangani, mpaka Tanga. Abushiri alikuwa amekwisha nyongwa Pangani mnamo Desemba 1889. Waya ulifuata nyayo za vita vyake, na miji iliyotiwa waya kwanza ni miji ile ile iliyoamka.

Namna waya ule ulivyofanya kazi ndiyo asili ya mambo yote yanayofuata. Katika mtambo wa kawaida wa uzi mmoja, habari moja tu hupita kwa wakati mmoja. Karani hodari hupiga maneno kama 20 kwa dakika. Kwa hiyo barua ya maneno 200 hushika waya dakika 10, na katika dakika hizo mwingine yeyote, awe tabibu au mwuza katani, hana njia. Waya ukikatika mahali pamoja, kwa mti ulioanguka au kwa mkono wa mtu, miji yote iliyo mbele ya mahali hapo huziba kwa pamoja. Hivyo lazima pawe na utaratibu wa nani atangulie, na utaratibu huo haukuachiwa karani aujue moyoni mwake. Mkataba wa simu wa mataifa uliotiwa sahihi St. Petersburg mwaka wa 1875 uligawa habari zote katika mafungu matatu: za serikali, za kazi ya simu yenyewe, na za watu binafsi, nao ukaamuru kwamba za serikali zitangulie zote. Sheria hiyo ilitungwa Ulaya, lakini desturi yake ya kuitanguliza serikali ndiyo waliyokuja nayo mafundi waliosimamisha nguzo za Mrima. Mtu wa kawaida aliyepatwa na msiba hakuwa na fungu lake. Mwito wa hatari ulihesabiwa kuwa wa hatari kwa kadiri serikali ilivyouita hivyo.

Njia ya pili ilikuwa reli. Kazi ya kuijenga ilianza Tanga mwaka wa 1893, ikaenda kwa kusitasita: Muheza, kisha Korogwe mwaka wa 1902, Mombo mwaka wa 1905, na hatimaye Moshi mwaka wa 1911, ikafunguliwa rasmi mpaka huko mwaka wa 1912. Urefu wake ulikuwa kilomita 352, nayo ilikuwa njia moja tu, haina mwenzake kando. Magari mawili yakikutana hayawezi kupishana ila katika stesheni yenye njia ya pembeni, na gari haliwezi kuondoka salama mpaka stesheni ya mbele ijulishwe kwa simu kwamba linakuja. Kwa hiyo reli na simu vilikuwa kitu kimoja. Kila kichwa cha gari kilichopeleka mzigo Tanga kilipaswa kurudi, na katika kurudi kilizuia wale waliokuwa wakishuka. Mwenye kuongeza magari bila hesabu hakuongeza msaada, aliongeza msongamano.

Karibu na wakati huo huo, mbali na Tanga, hesabu ya mambo hayo ilikuwa ikitafutwa. Mwaka wa 1909 mwanahesabu A. K. Erlang, wa nchi ya Denmark, alichapisha uchunguzi wake juu ya simu za mdomo, akionyesha kwamba miito huja kwa nasibu, si kwa zamu, na kwamba yawezekana kukadiria ni nyuzi ngapi zitoshe ili wanaokosa nafasi wawe wachache. Maana ya hesabu yake kwa msimamizi wa simu ni kwamba hakuna serikali wala kampuni iwezayo kumwekea kila mtu waya wake wa peke yake. Upungufu si kosa la fundi; ndiyo hali ya mtambo wenyewe. Lililobaki ni kuamua mapema upungufu huo utamwangukia nani. Siku za kawaida swali hilo hufichika, kwa kuwa wote hupata nafasi wakingoja kidogo. Siku ya hatari hufunuka.

Siku hiyo ilifika pwani ya kaskazini katika vita vikuu. Mwezi wa Agosti 1914 manowari za Waingereza zilipiga mizinga Dar es Salaam zikilenga mnara wa simu ya upepo, na Wadachi wenyewe wakaubomoa mnara huo. Njia za bahari zilikuwa mkononi mwa Waingereza. Hivyo koloni ya Wadachi ikabaki na nyuzi zake za ndani ya nchi, na Tanga, mwisho wa reli ya kaskazini, ikawa mji unaotegemea uzi na njia moja ya chuma kuufikia mkono wa jeshi lililokaa chini ya Kilimanjaro. Mwanzoni mwa vita maofisa wa manowari walikuwa wamefanya mapatano ya kutoupiga mji huo, lakini serikali ya Uingereza haikuyakubali.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 manowari Fox ilitokea mbele ya bandari ya Tanga. Nyuma yake, mbali baharini, zilikuwa merikebu 14 zilizobeba watu kama 8,000 kutoka Bara Hindi, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Kapteni wa Fox, Francis Caulfeild, alimwita melini mkuu wa wilaya, Dakta Auracher, akamwarifu kwamba mapatano yamekwisha na mji hauna budi kusalimu amri. Tena akataka kujua kama bandari imetegwa mabomu. Auracher alijibu kwamba mji hauna ngome wala ulinzi, na kwamba yeye hana ruhusa ya kuamua ila kwa kuwauliza wakubwa wake. Akapewa muda mfupi, akarudi pwani. Habari ilikwenda Moshi kwa simu. Muda ulipokwisha bendera haikushushwa, wala mizinga haikupigwa. Caulfeild, kwa hofu ya mabomu ya baharini, alitumia saa nyingi kusafisha njia ya maji, na askari wa kwanza hawakushuka Ras Kasone mpaka usiku.

Katika saa hizo ndimo ulimokuwa uzito wa shauri lote. Simu ilipofika Moshi, Kanali Paul von Lettow-Vorbeck hakukosa habari. Alikosa namna ya kufika. Kombania moja tu ya askari ilikuwa ikilinda Tanga. Waliobaki walikuwa wametawanyika, wengine kaskazini ya mji kuelekea mpaka, wengine Taveta na Kilimanjaro, zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini. Katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka wa 1920 Lettow-Vorbeck ameeleza kwamba reli ile ilikuwa na vichwa vinane tu, na kwamba gari zima liliweza kuchukua ama kombania moja pamoja na mizigo yake, ama kombania mbili zisizo na mizigo na karibu bila wapagazi. Hapo palikuwa na uchaguzi, na kila upande wa uchaguzi huo ulikuwa na bei yake.

Akachagua watu kuliko mizigo. Siku ile ile ya tarehe 2 kombania moja na nusu zilizokuwa Moshi zilipakiwa zikaondoka. Malori mawili yaliyozoea kupeleka vyakula kati ya Moshi na Taveta yaliachishwa kazi hiyo yakatiwa katika kukusanya askari. Asubuhi ya tarehe 3 ikafuata kombania nyingine pamoja na mkuu mwenyewe, na baadaye tatu zaidi. Vikosi vidogo vilivyolinda reli viliondolewa mahali pao vikasukumwa Tanga. Kapteni Baumstark, aliyekuwa kaskazini ya mji na kombania mbili, aliamriwa aende kwa miguu, kwa kuwa aliye karibu na hatari hahitaji gari. Huo ndio mgawanyo wenyewe: aliye karibu atembee, aliye mbali apande, kisichopigana kibaki.

Watumishi wa reli walifanya kazi ambayo habari za vita haziisemi sana. Njia moja, vichwa vinane, magari yanayoshuka yamejaa na yanayopanda matupu, na kila kupishana kukipatanishwa kwa simu kutoka stesheni hata stesheni: kosa moja lingeliziba reli nzima. Halikutokea. Magari yalifika karibu na mahali pa mapigano penyewe. Kama saa tisa za usiku wa kuamkia tarehe 4, gari la mkuu lilisimama kilomita chache magharibi ya stesheni ya Tanga, na kabla ya mapambazuko Lettow-Vorbeck alipanda baisikeli akaingia mjini kuutazama.

Ingekuwa kosa kusema kwamba kila kitu kilitupwa Tanga. Tarehe 3 Novemba, wakati magari yalipokuwa yakishuka, jeshi jingine la Waingereza lilishambulia Longido, kaskazini-magharibi ya Kilimanjaro. Kama reli ingalikuwa imewachukua wote, mlango huo ungalikuwa wazi. Lakini Meja Kraut alikuwa ameachwa huko na askari mia kadhaa, na Waingereza wakarudishwa nyuma. Mwito mmoja wa hatari, hata uwe mkali namna gani, haukupewa haki ya kumaliza akiba yote. Kwa maana wa pili waweza kuja kabla wa kwanza haujaisha, nao hauji kwa zamu.

Yaliyotokea Tanga yanajulikana. Alfajiri ya tarehe 3 askari wa kwanza wa Kihindi waliotoka Ras Kasone walisukumwa nyuma kwenye kingo za reli, kwa msaada wa wale waliofika kwa gari. Tarehe 4, kama saa sita mchana, Aitken aliwaendesha watu wake wote katika mashamba ya minazi na mipira. Wengine wakaingia mpaka ndani ya mji, na bendera ya Uingereza ikaonekana juu ya hoteli. Jioni walikuwa wanakimbilia pwani. Nyuki wa mizinga iliyotundikwa mitini, walioghadhibishwa na risasi, waliuma watu wa pande zote mbili. Na kwa kuwa vita vile vilikuwa vita vya nyuzi, kukazuka uvumi miongoni mwa walioshindwa kwamba Wadachi waliwafunga nyuki kwa waya ili wawafungulie kwa hila. Tarehe 5 waliosalia walipanda merikebuni. Waingereza waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walizidi 800, na walioshinda hawakuzidi kwa mbali idadi ya 1,000 kwa jumla.

Pwani waliacha bunduki mamia, bunduki 16 za kumimina risasi mfululizo, ambazo askari waliziita bombomu, risasi kwa mamia ya maelfu, nguo za kuwavika askari kwa mwaka mzima, na vyombo vingi vya simu. Hili la mwisho lastahili kutiliwa maanani. Jeshi lililokuja na vyombo vya kusemezana lilishindwa kwa kutosemezana: halikupeleleza vya kutosha kabla ya kushuka, likatoa onyo kisha likakawia, na vikosi vyake vikapoteana katika minazi hata wakubwa wasijue wa mbele wako wapi. Jeshi lililokuwa na uhaba lilijua mapema uhaba wake uko wapi. Wingi wa waya, kwa hiyo, si ulinzi. Ulinzi ni kujua waya uliopo utampisha nani kwanza, na upande wa pili kuna nini cha kuinuka.

Hata hivyo hesabu ya Tanga haikamiliki kwa kuwahesabu walioitwa. Yapasa kuwahesabu pia waliowekwa nyuma. Auracher alipomwambia Caulfeild kwamba mji hauna ulinzi, alikuwa akisema juu ya watu maelfu, Waswahili, Wadigo, Wabondei, Waarabu na Wahindi, ambao hawakuwamo katika mazungumzo yale na ambao vita vilipita vichochoroni mwao. Kwao simu haikuwa na fungu. Walikuwa na yowe, na miguu yao. Wapagazi nao, walioachwa Moshi ili gari lichukue bunduki moja zaidi, walikuwa mfano mdogo wa jambo lililokuja kuwa kubwa. Katika miaka minne ya vita pande zote mbili ziliweka mabegani mwa watu kila kilichokosa nafasi katika reli na malori, na wapagazi waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu walikuwa makumi ya maelfu. Kiswahili hakikuwasahau kabisa: jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi. Pale ambapo njia ni nyembamba, uzito hauondoki. Huhamishiwa kwa asiye na sauti ya kuukataa.

Utaratibu wa mwaka wa 1875, wa kuitanguliza serikali, ulikuja kutiliwa shaka na tukio la mji mwingine. Mnamo Novemba 1935 nyumba iliungua Wimpole Street, London, wakafa wanawake watano. Jirani aliyepiga simu kuita wazima moto aliwekwa katika foleni ya miito ya kawaida, akangoja, akaandika gazetini malalamiko yake. Waya ulikuwapo, wazima moto walikuwapo, lakini hapakuwa na alama ya kumjulisha mpokeaji kwamba huu si mwito wa kuagiza nyama. Tarehe 30 Juni 1937 nambari 999 ilifunguliwa London, pamoja na taa na kengele za kumwamsha mpokeaji aache mengine. Kwa mara ya kwanza mtu asiye na cheo alipewa haki ambayo mkataba wa St. Petersburg uliiwekea serikali, yaani haki ya kutangulia.

Tanga yenyewe ilitwaliwa na Waingereza mwezi wa Julai 1916, na mji ule wa vita sasa ni sehemu ndogo ya jiji lililoenea kupita Ngamiani na Mabawa. Mkazi wa Mabawa aliyeona moto apiga 114, na mwenye haja ya polisi 112, wala hatozwi kitu. Katika mitambo ya simu za mkononi iliyojengwa kwa kanuni ya GSM mwito wa 112 umetengewa daraja yake, na chombo hujaribu kuupitisha hata katika mnara usio wa kampuni ya mwenye simu. Hata hivyo mnara mmoja hupitisha miito kwa kiasi chake, na siku ya mafuriko au ya ajali kubwa watu wote wa mtaa huinua simu pamoja, wengi wao si kwa kuomba msaada bali kwa kuuliza hali za jamaa. Hesabu ya Erlang bado yatawala hapo. Na nyuma ya mnara lipo swali la vichwa vinane: mwito ukisha pita, kuna magari mangapi ya kuuitikia, yako wapi, na yupi aliye karibu awezaye kwenda kwa miguu?

Hayo ndiyo mafundisho yaliyomo katika siku zile chache za Novemba 1914. Simu ya Auracher ilifaa kwa sababu ilipata waya ulio wazi, mpokeaji mwenye uwezo wa kuamua, na reli ambayo mpangilio wake ulieleweka na waliouendesha. Moja katika hayo lingalikosekana, mengine mawili yasingalitosha. Na kwa kuwa utaratibu ule ulijengwa kumwokoa mtawala, ulimwokoa mtawala. Kumwokoa mwenye mji kulihitaji utaratibu mwingine, unaomtaja katika daraja zake tangu siku ya utulivu, kabla mbiu haijalia.